Asubuhi Niliyoketi na Somoe

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikukute mzima huko Dodoma. Sisi hapa Mtawanya hatujambo. Babu yako yuko uani anaanika korosho.

Umeniuliza kama umwache rafiki yako anayevuta bangi. Nami nilikuwa na shoga, Somoe, tulikulia pamoja Kilambo. Alianza kuvuta tukiwa na miaka kumi na sita. Akaacha shule. Mama yake, aliyekuwa akiimba kila akitwanga, akanyamaza. Sisi rafiki zake tukawa tunampita njiani kama hatumjui.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi peke yake kando ya Ruvuma. Ukungu ulifunika maji, ng'ambo haionekani. Nilitaka kupita, sijui miguu ilisimamaje.

"Kaa," akasema. "Mnavyonipita, naona kama nishakufa."

Nikakaa. Tuliutazama ukungu mpaka jua likautoboa, mto ukatokeza kidogo kidogo kama unaumbwa mbele yetu.

"Nipeleke kwa mama," akasema. "Peke yangu naona haya."

Nikamshika mkono hadi kwao. Mama yake alimshika uso kwa mikono iliyojaa unga wa muhogo, akalia.

Somoe hakupona siku ile. Aliacha, akarudia, akaacha tena, na miaka ikapita hadi akaacha kabisa.

Usivute naye, mjukuu wangu, wala usimfichie. Mwambie mama yake. Ila usimkimbie. Mimi nilimkimbia Somoe mwaka mzima, na mwaka huo ndio ninaouota hadi leo.

Bibi yako akuombeaye,
Mwanahawa