Mistari Miwili kwenye Orodha ya Nyungwe

Kamembe, tarehe 8 Februari 2003

Kwa Yaya Kamali, kaka yangu mkubwa, huko Bukavu,

Kabla ya salamu natanguliza jambo ambalo sijamwambia muntu yeyote, maana nikianza na salamu ujasiri utaniishia: Jumamosi iliyopita niliingia msitu wa Nyungwe. Niliingia kwa miguu yangu, macho wazi.

Sasa pokea salamu. Assalamu alaykum. Sisi hapa ni wazima, Mungu asifiwe. Maman yuko na cherehani yake, ila mgongo unamsumbua. Anasema ni baridi, na dawa hataki. Wewe je? Kazi ya kuchomelea inaendelea? Macho hayaumi? Habari za ng'ambo tunazisikia, na Maman hatulii mpaka Nzigire, muuza nyanya wetu, arudi kwa daraja la Rusizi na beseni lake tupu, aseme amekuona ukicheka. Barua hii ni yeye atakayekuletea.

Unajua Maman anavyopita Nyungwe. Tukienda Butare kwa shangazi, basi likifikia miti ya kwanza anavua kitenge cha begani, anatufunika vichwa mimi na yeye, na hatufunui mpaka upande wa pili. Nimeupita msitu ule mara sita, na nilichokuwa nakijua ni harufu yake na maua ya kitenge. Abiria hudhani tunatapika.

Sasa Madamu Drocella, anayetufundisha sayansi kwa Kifaransa, ameanzisha klabu ya viumbe. Anasema msitu huo utafanywa parki ya taifa, na ni aibu wageni wavuke bahari kuja kuutazama wakati sisi tunaokaa mlangoni pake hatujui hata ndege mmoja. Amenifanya sekretari kwa ajili ya mwandiko wangu. Rafiki yangu Mukantwari anasema ni kwa sababu sekretari asiyeongea hawezi kubisha. Kwa hiyo mipango yote ya safari iko kwenye daftari langu. Gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri, ili tuwakute ndege wakiimba. Soksi zivutwe juu ya suruali, kwa sababu ya siafu. Nguo nyekundu hapana. Tutabeba viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi tuziache nyumbani tusije tukanyang'anywa na nyani. Darubini ni mbili tu, basi kila mmoja atahesabu polepole hadi sitini, ampe mwenzake. Mukantwari aliuliza kama waliofeli hesabu watazirudisha Jumatatu. Tena Madamu anataka mzazi mmoja atusindikize.

Ilibidi mwanafunzi mmoja atangulie na Madamu kukagua njia, akanitaja mimi. Maman nilimwambia tunakwenda Muganza kutazama kiwanda cha saruji. Nisamehe, Yaya.

Nitakuelezaje? Tulishuka garini ndani ya ukungu, na mwanzoni sikuona kitu, nilisikia tu matone yakianguka kutoka jani hadi jani, kama msitu mzima unahesabu. Kisha ukungu ukapanda, na miti ikawa inatokea mmoja mmoja. Kuna mti mmoja wa umuyove ambao watu sita wakishikana mikono hawauzunguki. Mbega walipita juu yetu, weusi wenye mabega meupe, wakaendelea kupita, nikachoka kuhesabu na wao bado wanapita. Nilitaka kusema kitu kwa Kifaransa, nikatafuta kwa Kinyarwanda, nikakosa kote kuwili. Mzee Protais, mwongoza njia, alinitazama akasema, "Acha, mama. Hapa hata mimi nanyamazaga, na ni mwaka wa ishirini."

Halafu akatuonyesha kwa kidevu. Kwenye tawi alikaa ndege mkubwa wa kijani, mtulivu, ungesema ni sehemu ya majani. Mzee Protais akanong'ona kwamba ni turako, tusubiri aruke, kwa sababu uzuri wake ameuficha. Akaruka. Mabawa yakafunguka yakawa mekundu kama makaa yaliyopulizwa.

Yaya, ndege huyo namjua.

Mwaka ule wa kukimbia, ulipokuwa unanibeba mgongoni ndani ya msitu huo, nilikuwa na miaka mitano na homa. Nilipopona nilimwambia Maman nimeona ndege wa kijani mwenye moto ndani ya mabawa. Akasema, "Ni homa, mama. Batoto ba homa banaonaga vitu." Nikamuuliza na habari ya mtoto mchanga. Akajibu vilevile, homa. Sikuuliza tena.

Lakini ndege yupo. Basi na mtoto alikuwepo. Nakumbuka kilio chake, kidogo kama mlango wa kabati ukifunguliwa, kisha hakikuwepo. Nakumbuka wewe ukichimba kwa sahani ya bati, na Maman akichana kitenge chake katikati. Ndege akaruka juu yetu. Miaka tisa nimejifanya nimesahau, ili Maman asijue kwamba nilikuwa macho. Sikulaumu, wala yeye simlaumu. Nataka tu kujua kama alikuwa wa kike au wa kiume, na kama alipata jina.

Niliporudi, viatu vyangu havikuwa na vumbi la saruji. Vilikuwa na tope jeusi na jani moja bichi. Maman aliviangalia, akaviosha, akavianika. Jana nilifungua kopo lake la vifungo nikatafuta kifungo cha shati la shule. Lile jani limo humo, kavu, limekunjwa ndani ya kipande cha kitenge kilichochanwa.

Safari ni Jumamosi ijayo. Gari lina nafasi ishirini na sita, na nimeandika majina ishirini na manne. Madamu aliuliza mbona nimeacha mistari miwili. Nikasema nitaijaza.

Cherehani imenyamaza. Nasikia kandambili zake uani. Tangu adhuhuri naandika barua hii chini ya daftari la hesabu, na kila akipita naifunika. Sasa daftari nimeliweka chini, barua iko wazi. Orodha iko hapa pembeni, na nikishaandika jina langu nitaiacha kalamu juu ya mstari wa mzazi.

Nisalimie wote wa karakana. Mungu akulinde wewe na macho yako, na unijibu kwa mkono wa Nzigire.

Ni mimi mdogo wako, uliyembeba,
Gasaro