Nakato Nje ya Dirisha la Babu

Salma mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Sote hapa Al Khoudh wazima, na mama yako kesharudi kazini. Umeniuliza kama marehemu babu yako alikuwa mpweke mwaka ule wa korona, tulipokatazwa kuingia kwenye nyumba ya askari wazee alimokuwa akitunzwa. Nnakwambia nilichokiona mwenyewe.

Siku moja nilisimama uani, nje ya dirisha lake. Alikuwa hajala tangu jana yake, maana yeye alimfukuza kila aliyevaa barakoa, akisema: "Simjui huyu!" Basi Nakato, msichana wa Kiganda aliyekuwa akimlisha, akatoka nje, akasimama mbali nami, akavua barakoa na kumpigia saluti kupitia kioo.

"Mzee, ni mimi!"

Babu yako akajiweka sawa kitandani, akajibu saluti. Nakato akavaa barakoa, akarudi ndani, na uji ukaliwa wote.

Akafanya hivyo kila mlo, miezi mitatu, juani. Angeweza kwenda kwao. Alichagua kufungiwa humo pamoja na wazee.

Ruhusa ya kuingia iliporudi, ndipo babu yako akafariki. Mimi nilimshika mkono mmoja. Wa pili nilimwachia Nakato.

Bibi yako anayekupenda,
Zuwena