Kwa Spika Wetu, Uliyemtetea Aliyekufukuza

Mwaka umetimia tangu moyo wako usimame ghafla kwenye ngazi za mahakama, jalada mkononi, na sisi bado tunababaika. Tulikuita Spika kwa sababu ya sauti yako. Ukiomba chumvi mezani, jirani naye alisikia.

Ulikuwa mwaka wa pili chuoni, rais wa serikali ya wanafunzi, ulipowaongoza wenzako kudai maji mabwenini. Mlezi wa wanafunzi akakuandikia barua ya kukusimamisha masomo mwaka mzima. Ulirudi nyumbani na godoro lako. Hukulia. Ulimwambia mama, "Hawakuniuliza hata swali moja." Adhabu ilipoisha ukaacha uchumi, ukaanza sheria kutoka mwanzo. Siku ya kuapishwa uwakili joho lilikuzidi urefu, baba akakushikia pindo usijikwae.

Wateja walikufuata hadi kwenye kochi letu. Uliwapa chai kwanza, ukawauliza shida yao baadaye.

Siku ya mazishi alikuja mwanamume mwenye mvi, akakaa nyuma kabisa, akalia kuliko sisi. Mama alimtambua: yule yule mlezi wa wanafunzi. Miaka kumi na miwili hatukutaka hata kumsikia. Kaka yako aliinuka amtoe. Mzee akaeleza kwamba chuo kilimwachisha kazi bila kumsikiliza, akazungushwa na mawakili, mwisho akabisha hodi kwako huku aibu imemjaa.

"Nilimuuliza kwa nini anisaidie mimi," alisema. "Akanijibu, 'Kwa sababu na wewe hawakukuuliza.'"

Asubuhi ile ya mwisho ulikuwa ukipanda ngazi kwa kesi yake.

Mbona hukutuambia, Spika? Ulituogopa? Ulimsamehe lini, sisi tukiwa bado tumenuna kwa niaba yako? Au hukumsamehe, ulifanya kazi tu? Mama husema anajivunia, na hapo hapo husema amekukasirikia.  Baba anapiga rangi viatu vyako vya kazini.

Mwenzako wa ofisini aliimaliza kesi. Mzee alishinda, akarudishwa kazini. Alituletea nakala ya hukumu, akasimama mlangoni. Mama akamvutia kiti.

Juzi mzee aliomba naye atajwe hapa. Tulibishana sana.

Wanaokukumbuka ni baba na mama, kaka yako na wanawe wawili wanaokuulizia kila siku, shangazi yako, mawakili wenzako, na yeye. Tumekosa neno la kumwita.

Hutatutoka moyoni, Spika, hata pale tusipokuelewa.