Nilimwitikia Mwanangu "Nipo", Sasa Nimekuwa Mwanafunzi Bora

Mpendwa Anti Morfudd, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa, na tafadhali usinicheke ingawa najua utacheka. Nina miaka arobaini na mmoja, nimezaliwa kusini mwa Wales, Llanelli, nikaolewa huku kaskazini, Llŷn, na binti yetu Nest ana miaka kumi na miwili, anasomea nyumbani kwa kompyuta tangu shule ya kijiji ifungwe, kamera zimezimwa ili mtandao usikwame na watoto wanajibu kwa kuandika tu, na hapo ndipo shetani aliponipatia. Asubuhi moja mwezi wa pili Nest alikuwa bandani na baba yake, kondoo anazaa kwa shida, mwalimu akaandika, "Nest, upo?" na mimi nilikuwa nimekaa pale na chai yangu, nikaona aibu, nikaandika, "Nipo."

Anti, tangu siku hiyo sijatoka tena darasani. Nilijidanganya kuwa namshikia nafasi tu, lakini likaja jaribio la historia, nikapata kumi kwa kumi, mwalimu akaniwekea nyota, na mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita nikaenda kufunga nyama dukani, sijawahi kupewa nyota na mtu, basi nikanogewa, siku hizi Nest akitaka kukaa kitini namwambia nenda kwa baba yako, kondoo wanakuhitaji, na kuna mtoto wa Cardiff anaitwa Macsen ambaye tunagombea nafasi ya kwanza na simpendi hata kidogo.

Sasa tuliambiwa tuandike insha ya Kiwelisi kuhusu bibi. Niliandika huku nalia, juu ya bibi yangu aliyenilea, aliyefariki kabla Nest hajazaliwa, na insha imechaguliwa, Ijumaa Nest aisome mbele ya darasa zima, kamera ikiwa wazi. Shida ni kwamba kila mstari nimemwita bibi mam-gu, kama tunavyosema kusini, na mwanangu tangu aanze kuongea husema nain, kama watoto wote wa huku. Mwalimu ameshaandika kuwa inafurahisha kusikia mtoto wa Llŷn akiongea kama mzee wa kusini.

Jana Nest aliona ile pongezi. Akasoma insha yote, akafunga kompyuta taratibu, akaniambia, "Mam, huyu Nest wako ana akili. Mimi ningeandika vibaya tu." Akaenda bandani. Gethin, mume wangu, anasema Ijumaa tuchomoe mtandao tudai upepo umeangusha nguzo. Je, nimkaririshe mtoto ile insha, au nimsikilize Gethin?

Mama Nest, Llŷn

ANTI MORFUDD ANAJIBU

Mama Nest, nimecheka, nisamehe. Zamani mama aliyetaka kumfanyia mwanawe mtihani ingebidi avae sare na kubanana kwenye dawati. Wewe neno la siri limekutosha, na sasa una uhasama na mtoto wa watu wa Cardiff. Halafu nikafika pale Nest alipofunga kompyuta, na kicheko kikaniisha.

Usimkaririshe hata neno moja. Unataka mtoto asimame mbele ya wenzake amlilie bibi ambaye hajawahi kumwona, ili wewe usiaibike? Na Gethin mwambie nguzo itasimamishwa Jumatatu na insha itakuwa bado inasubiri.

Unadhani kosa lako ni kuiba alama. Umemtengenezea mwanao mwenzake asiyekosea, mwenye jina lake, na kila nyota uliyopokea imemtuma yeye nje. Hakukuambia umedanganya. Alikuambia yeye angeandika vibaya. Hilo ndilo lingepaswa kukukosesha usingizi, si mwalimu.

Nakuonea huruma, kweli. Ulitamani darasa miaka yote na likaletwa jikoni kwako bila mlinzi mlangoni. Lakini lililetwa kwa Nest. Madarasa ya watu wazima yapo, kwenye kompyuta hiyohiyo. Jiandikishe kwa jina lako, na insha ya mam-gu uipeleke huko, maana naamini ni nzuri.

Leo, kabla hujaweka sufuria jikoni, mwandikie mwalimu ukweli wote tangu mwezi wa pili. Nyota zifutwe, na ndiyo, Macsen ashinde. Omba Nest aanzie pale alipoachia, hata kama wenzake wako mbali, na akae darasani yeye mwenyewe. Kondoo wana Gethin.

Kisha mwombe mtoto msamaha, kwa maneno machache, bila habari za duka la nyama. Mpe karatasi aandike juu ya nain yake. Ataandika mistari sita yenye makosa, na mikono itakuwasha kuyasahihisha. Nenda kaoshe vyombo. Ipelekwe kwa mwalimu hivyohivyo.