Mzee Anaitikia Amina, Lakini Hajaokoka

Mpendwa mshauri, nahitaji msaada wako kabla ya Jumapili, maana jambo hili nimelianzisha mwenyewe na sasa limenizidi. Mimi ni Mtanzania, naishi ughaibuni, mtaa wa Granville, nasomea unesi, na siku nne kwa wiki kampuni ya kutunza wazee hunituma kumhudumia mzee wa Kiyahudi wa miaka themanini na minane huko mtaa wa Bondi, Mzee Ervin, mgane, mimi nampikia uji na yeye ananisahihishia insha zangu za chuo kwa kalamu nyekundu bila huruma, na kila asubuhi kabla hajala namwombea, aliniruhusu mwenyewe, naye huitikia Amina kwa sauti, tena kabla sijafika mwisho, nami nikadhani ni Roho anamharakisha, nikaenda kusimulia kwa akina mama wa kanisani kwamba mzee wangu moto umemshika, na sitakuficha, nilipoona wanavyonitazama niliongeza kwamba amelia machozi, ingawa siku hiyo nilikuwa nakata vitunguu.

Mchungaji Abednego akatangaza madhabahuni: Jumapili ijayo, ushuhuda wa Myahudi aliyeokoka! Kwaya imeshona sare. Mama Atupele, mmoja wa akina mama hao, ameagiza pembe ya kondoo mtandaoni ili aipulize mzee akiingia.

Jumanne nikajikaza, nikamwalika. Akaweka kijiko chini.

"Coletha, nani kakwambia nimeokoka?"

"Babu, si huwa unaitikia Amina?"

"Naitikia unapomshukuru Mungu kwa chakula. Huyo ni Mungu wangu pia. Ukikaribia jina la Yesu nawahi kusema Amina kabla hujalitaja, nisije nikaitikia nisichokiamini. Miezi minane, hukuona?"

Nikamwambia, lakini Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi.

"Ndiyo. Alitahiriwa siku ya nane, akashika Sabato, Pasaka akala mkate usiotiwa chachu. Mimi nafanya yote hayo. Nyinyi Pasaka mnakula maandazi. Halafu anayetakiwa kubadilika ni mimi?"

Kisha akaomba chumvi.

Mama Atupele ananiambia, "Mdogo wangu, mlete tu. Tukipiga vigelegele mfululizo, nani atajua Amina yake imeishia wapi?" Nikisema ukweli nitakuwa kichekesho cha kanisa zima, nikimpeleka nitampoteza mzee. Je, nimwambie tunakwenda kunywa chai? Au niseme kanisani kwamba anaumwa?

Coletha, Granville

*

Coletha,

Usimpeleke. Hilo limekwisha, tuendelee.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali mzee alipokudanganya. Sikupaona. Aliyedanganya ni wewe na vitunguu vyako. Pole, najua ulianza kwa nia njema, lakini nia njema haimlizi mtu asiyelia.

Elewa alichokifanya. Kwao, kuitikia Amina ni kutia sahihi maneno ya aliyeomba, na mzee wako hasaini asichokikubali. Miezi minane alitafuta namna ya kukuheshimu bila kusema uongo mbele za Mungu wake. Wewe ulipewa adabu, ukaiita wokovu.

Wala usidhani kwake ni mzaha. Katika nchi nyingi watu wake walibatizwa kwa nguvu, na wako waliokufa wakikataa. Sasa unataka kumtoa Bondi kwa ahadi ya chai, umfikishe mbele ya kwaya yenye sare mpya. Meneja wako akisikia kwamba mteja ametangazwa madhabahuni, humalizi wiki kazini. Na pembe ile wao huipuliza mwaka wao mpya unapoingia. Mwambie Mama Atupele airudishe dukani.

Ugonjwa nao usiusingizie. Nalijua kanisa lako bila kufika: watakodi basi dogo, waje wote kumwombea nyumbani kwake.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mpigie Mchungaji Abednego umwambie afute ushuhuda. Jumapili simama mwenyewe: mzee hajaokoka, hakulia, nilitia chumvi, nisameheni. Usiongeze mstari wa Biblia. Ukiongeza wataanza kushangilia, na hakuna atakayesikia ulichosema. Watacheka wiki tatu, kisha atapatikana mwingine wa kuchekwa.

Jumatatu mweleze mzee yote kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Akikasirika, usijitetee. Akishapoa, muulize kama bado anataka umwombee mezani pake. Akisema hapana, ni hapana. Mwombee ukiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, huko hakuna wa kukutazama.