Wembe Uliomkata Mtoto Kitovu

Sista Subilaga,

Ugonile. Najua hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa ni alasiri, lakini sijakuamkia tangu tukuzike, kwa hiyo ipokee hivyo hivyo. Kesho tunamzika mama yangu. Nimekaa upenuni nyuma ya jiko, karatasi magotini, wanawake wanapepeta mchele wa msibani, na kila anayepita anadhani naandika wasifu wa marehemu. Waache wadhani. Habari hii siwezi kumpa mtu mwingine, maana wengine wote itabidi niwaeleze kwanza kwa nini muuguzi mzima analia kwa sababu ya wembe.

Siku ya msiba wako kule Busale niliaibika, sijui kama uliona. Nililia na wenzangu, nikakaa mkekani na wenzangu, halafu katikati ya maombolezo ikabidi nimfuate shangazi yako nimwombe ufunguo wa kabati la chumba cha upasuaji. Kituoni kulikuwa na mama anasubiri kupasuliwa, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yako, ulikoufunga mwenyewe siku tuliyokupeleka hospitali. Nilidhani atanifukuza. Alifungua lile fundo taratibu, akauweka ufunguo kwenye mkeka mbele yangu badala ya kunipa mkononi, akasema, "Chukua. Huko anakokwenda hakuna kabati." Nikajua basi kwamba ile tabia yako ya kutopeana vitu mkononi ni ya ukoo mzima.

Maana ulitusumbua nayo, Mungu anisamehe. Wembe haupokelewi mkononi, ulikuwa unasema, ni kama pilipili, ukinipa mkononi tutagombana. Daktari akitaka wembe, unauweka kwenye sinia la chuma, na yeye anauchukua kwa koleo. Akimaliza anaurudisha kwenye sinia, unauchomoa kwenye mpini kwa koleo, moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile sanduku la manjano, na hubanduki pale hadi usikie umeanguka ndani. Wageni walikucheka. Hata mimi nilikucheka, siku niliyokuletea mbasa kutoka Itungi nikakuta kisu chako cha jikoni ni butu kiasi kwamba yule samaki tulimpasua kwa kumvuta huku na huku. Ukaniambia makali ya kazini yanakutosha.

Na kile kifuko cha mchele! Watu wanausafirisha mchele wa Kyela mikoani wakale, wewe unaufunga kwenye kitambaa unaulisha kabati, ati unyonye unyevu, pakiti za nyembe zisije zikalegea. Kila Jumatatu ulikuwa unazipapasa pakiti moja moja, na iliyotoboka hata tundu la sindano ulikuwa unaitupa huku ukinung'unika. Kifuko bado kipo. Kimeingia wadudu, na sijakibadilisha, kwa sababu wewe ndiye uliyekishona.

Sababu ya ukali wako ulinieleza ukiwa kitandani, macho yameshageuka manjano. Ulikuwa bado mwanafunzi, ukibeba mashuka machafu, na ndani yake mtu alikuwa amesahau wembe. Ulikukata kiganja, ukaosha, ukaendelea na kazi. Homa ya ini ikakaa ndani yako kimya, ukalea watoto nayo, ukatufundisha kazi nayo, mpaka ini likachoka. "Aliyeuacha pale hajui kama ameniua," uliniambia. Hukuwa na hasira hata kidogo. Hasira nilikuwa nayo mimi, na ninayo mpaka leo, na nyingine ni juu yako, kwa kuondoka na kutuacha na mambo haya.

Unakumbuka mabibi? Huku kwetu bibi akija kupokea mjukuu haulizi mtoto ana kilo ngapi. Anauliza kondo la nyuma liko wapi, na wembe uliomkata mtoto kitovu uko wapi, kwa sababu vyote viwili anataka kuvifukia kwenye shina la mgomba asije mtu mbaya akavipata. Kondo uliwapa. Wembe ulikataa katakata, ila hukumfukuza mtu. Ulikuwa unamwingiza bibi ndani, unamvalisha glavu, unamshikia mkono, naye anaushika ule wembe kwa koleo na kuutia sandukuni mwenyewe huku akinuiza maneno yake kwa Kinyakyusa. "Umeuzika wewe, si mimi," ulikuwa unamwambia. Anaondoka ameridhika, kondo lake mkononi. Mama yangu aliutia wembe hivyo alipopata mjukuu wa kwanza, akawasimulia majirani mpaka wakachoka, kwamba nesi amempa kazi.

Sasa sikia yaliyofuata. Masika ya baada ya wewe kuondoka, maji yaliingia hadi kwenye kichomea taka. Matofali yakapasuka, bomba la moshi likalala chini, na hapo ndipo lilipo mpaka leo, kuku wanalitagia. Tumeomba, tumeahidiwa. Masanduku ya manjano yanakuja kwa bahati. Yakiisha tunatumia madumu ya mafuta ya kula, na yakijaa tunayapanga kwenye stoo ya nyuma, ambayo mlango wake unafungwa kwa kamba. Juzi yote yalikuwa yamejaa hadi shingoni.

Halafu mganga mfawidhi mpya akakataza ndugu kuingia chumba cha kujifungulia. Simlaumu. Chumba ni kidogo, maambukizi yapo, ni kijana mwenye nia njema. Nilimweleza habari ya mabibi, akanisikiliza vizuri, akasema tutaliangalia. Mabibi wakabaki kwenye benchi la nje na haja yao ileile. Na mlango wa nyuma yupo Mama Sekela, mfanya usafi wetu, unamjua moyo wake ulivyo laini. Hakuwauzia, Sista, nataka ulijue hilo. Aliwafungia wembe kwenye pamba, akawapa, kwa sababu hata yeye alipozaliwa bibi yake alifanya hivyo hivyo. Tangu uondoke, ni mashina ya migomba mangapi yamefukiwa nyembe kutoka hapa hadi mtoni, hakuna anayejua, wala yeye mwenyewe hajui.

Mvua zilipoanza kukolea mwaka huu, wifi yangu, mke wa kaka, akajifungua. Nilimzalisha mimi. Mtoto wa kiume, mzito, sauti kama ya mchungaji. Nikatoka nje kumpa mama habari, akashangilia, akacheza pale pale kwenye matope, halafu akaniuliza wembe. Nikamwambia, mama, wembe hautoki, na siku hizi huruhusiwi hata kuingia kuutia mwenyewe. Akanitazama. Akasema, "Ndaga." Unazijua ndaga za mama zetu. Ipo ya kushukuru, na ipo ya kukuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. Nilijua kabisa nimepewa ya pili, ila mzazi alikuwa bado anahitaji kushonwa, nikarudi ndani.

Akaenda mlango wa nyuma.

Aliufukia kule nyumbani Katumba Songwe, pamoja na kondo, kwenye shina la mgomba. Haukupita muda, mto Songwe ukapanda, maji yakaingia migombani, yakakomba udongo wote wa juu. Maji yalipopungua mama akaenda kuinua machipukizi yaliyolala, kwa mikono yake, anavyofanya kila mwaka. Wembe ukamkata chini ya kidole gumba. Hakuniambia. Angeniambiaje, wakati ingembidi aanze na kwamba wembe aliutoa wapi? Akafunga kitambaa, akaendelea kugeuza kakao juani.

Kaka alinipigia simu akasema mama halali vizuri, anasema taya zimechoka, hata wali hautafuni. Taya zimechoka! Nilikaa chini palepale kwenye ngazi za kituo. Niliujua ugonjwa huo kabla sijamwona mgonjwa. Wajawazito tunawachanja pepopunda, watoto tunawachanja, lakini mwanamke wa umri wa mama hayumo kwenye utaratibu wa mtu yeyote. Aliponiona akataka kutabasamu, na uso ukakataa kurudi mahali pake.

Ulitufundisha kwamba mgonjwa wa pepopunda anahitaji giza na kimya, kwamba hata kijiko kikianguka kinaweza kumkaza mwili mzima. Hospitali walimpa chumba cha peke yake, wakatundika shuka dirishani, dawa walizokuwa nazo wakampa, kweli walijitahidi. Lakini nani ataizuia mvua ya Kyela isipige mabati? Ikianza tu, mama anapinda kama upinde, kisigino na kisogo ndivyo vinagusa kitanda, na akili yake nzima, anasikia kila kitu. Mimi na kaka tunamshika. Mvua ikipungua naye anashuka, jasho linamtoka, tunamfuta, halafu tunasikia nyingine inakuja kutoka upande wa ziwa. Nimeichukia mvua, mimi niliyezaliwa na wakulima wa mpunga.

Kaka aliniambia ni shina lipi mama alikofukia na kukatwa, nikamwacha naye asubuhi moja nikaenda kuutafuta wembe. Nilichukua koleo na kopo la maziwa. Nikapekua tope la shina lile polepole, kwa kijiti kwanza, kama ungekuwepo unanitazama, na ukaonekana, mdogo, kutu imeanza kuushika, bado mkali. Nikauokota kwa koleo, nikautia koponi, nikalifunga kopo kwa plasta kuzunguka pote. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Nilirudi hospitali nikamkuta mama ametulia. Akaniita kwa jicho. Nikainama hadi sikio likagusa meno yake, maana meno hayafunguki, na kupitia hapo akaniuliza, "Umeutia sandukuni?" Yaani alikuwa amejua nilikokwenda. Nikamwambia, "Nimeutia, mama. Nimeuzika kwa niaba yako." Akafumba macho. Hakunisemesha tena mpaka jana alipokufa.

Sista, sanduku halipo. Hata dumu halipo. Na kama lingekuwepo, kichomea taka ndicho hicho kinacholaliwa na kuku. Kopo nimelifungia ndani ya kabati lako, chini kabisa, kwa sababu ndio mlango pekee kituo kizima wenye ufunguo. Najua. Kichafu na kisafi havikai kabati moja, ungenitoa nje kwa masikio. Niambie basi ningeuweka wapi.

Mama Sekela yupo hapa msibani. Tangu jana anabeba maji, ndoo baada ya ndoo, na hanitazami usoni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali kweli, nimeyapanga njia nzima. Amepita hapa sasa hivi nikaviona vidole vyake, vina mikato midogo midogo ya zamani na mingine mipya. Anaokota nyembe zile mikono mitupu, maana glavu hazitoshi hata kwetu tunaozalisha. Nimeyameza maneno yangu. Wiki ijayo nitamshika mkono nimpeleke akapimwe ini, na naogopa majibu.

Sitakudanganya na wewe pia. Sioni hili likirekebishwa. Kichomea kitajengwa, labda, na masika yanayofuata yatakibeba. Watoto wanaozaliwa leo watajifunza kutambaa juu ya mashina hayohayo. Mjukuu wa mama mwenyewe atatambaa pale, na mimi siwezi kuipekua migomba ya wilaya nzima kwa kijiti na koleo.

Kwa hiyo ahadi yangu ni ndogo. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga, na hautoki hapo. Siku sanduku litakapokuja, hata likiwa moja, nitamwingiza mama mdogo kwa mlango wa mbele, mganga mfawidhi aseme atakavyosema, nimvalishe glavu, nimshikie mkono, autie wembe wa dada yake mwenyewe na maneno yake yote.

Pumzika, Sista. Ndaga fijo kwa kunifundisha kazi ambayo sasa siwezi kuifanya ulivyonifundisha. Kesho jioni mama atakuwa upande wako. Mpokee, ana aibu mbele ya wageni, ila ukimwamkia Kinyakyusa atachangamka. Atataka kukuonyesha kidole, mtazame.

Na akikuuliza, mwambie uko sandukuni. Habari ya kopo usimwambie.

Mimi mwanao wa kazini,
Lugano