Barua za Darasa Langu

Renny, usinipigie. Niko kwenye pikapu na Baba, yeye anaendesha.

Unakumbuka zile barua nilizowaandikisha wanafunzi wangu kulishukuru jimbo kwa paa jipya la shule, lililojengwa kwa kodi ya ardhi ya shule? Verlyn, mkuu wetu, ndiye aliniomba. Akaniambia ni shukrani tu. Shukrani tu, Renny.

Leo kazisoma kwenye kikao cha ardhi ya shule.

Ile ardhi ambayo Baba ameikodi kutoka kwa jimbo miaka arobaini, analishia ng'ombe. Kampuni ya kokoto inaitaka, inatoa kodi mara sita ya anayolipa Baba. Na sheria unaijua, anapewa anayelipa zaidi, kwa sababu hela hiyo ndiyo inaendesha shule zetu. Baba alikuja kujitetea. Kavaa ile kofia yake ya mazishini.

Verlyn kasimama, kasoma: "Mwalimu wetu ametufundisha kwamba ardhi ya shule ni ya watoto, na lazima ituletee pesa nyingi."

Mwalimu wetu. Ndiyo mimi huyo. Watu wakapiga makofi.

Baba alipoitwa, akasema hana la kuongeza.

Nikamfuata Verlyn nje. Hata haya hana. Ati, "Usinune, dada, ni kwa ajili ya watoto."

Nikamuuliza, "Na mimi ni mtoto wa nani?"

Tumeshakwenda maili thelathini. Sasa hivi Baba kaniambia, macho barabarani:

"Wanaandika vizuri wale watoto. Umewafundisha."